Sili ya Pampu Kubwa

Haya, nijibu hili kabla hujaegemea vizuri: mama mmoja, mabinti wanne, kila binti na jiko lake na ufunguo wake. Mama akiomba chumvi, wote wanne wanaapa hawana. Na ukifungua madaftari yao, kweli, chumvi haimo. Ni akina nani hao?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji wenyewe nitajichagulia, usijisumbue. Nitachukua wenye maji ya bomba na majirani wasiopiga muziki. Jibu ni kampuni. Kampuni mama na watoto wake, wale ambao wenye elimu huwaita kampuni tanzu. Kulikuwa na moja yenye mabinti wanne hasa: kiwanda cha unga, kiwanda cha mafuta ya kupikia, kiwanda cha sabuni, na karakana ya malori yaliyobeba vitu vyote hivyo. Wafanyakazi wao waliitana dada. "Nenda kwa dada Mafuta ukaazime ngazi," walizoea kusema. Na dada Mafuta alijibu ngazi imevunjika, nayo iko nyuma ya mlango.

Mwaka mmoja pampu kubwa ya kiwanda cha sabuni ilikatika sili. Sili ni kipete cha mpira, hakizidi kiganja cha mtoto, lakini kikikatika, sabuni ya moto inamwagika sakafuni na kiwanda kizima kinakaa chini. Kilikaa chini siku sita. Wapakiaji wa kutwa walirudi nyumbani siku sita mikono mitupu, na sili mpya ikaletwa kwa ndege, kwa bei ambayo ungenunulia ng'ombe wawili na kamba zao. Wiki tatu baadaye fundi mitambo wa sabuni akapita kwa jirani, kiwanda cha mafuta, kilichopakana nao ukuta kwa ukuta. Akamkuta fundi mwenzake anafunga sili ile ile, ukubwa ule ule.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwani wewe unaitaka? Tulikuwa nazo nne tangu mwaka jana."

Habari hiyo ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, kwa kampuni mama, na huko ikalia kama sufuria iliyoanguka. Ikaamuliwa madaftari manne yafe. Uje mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendesha maghala, manunuzi, mauzo na mishahara ya mama na mabinti wote, ili anayetafuta kitu aulize mara moja, aambiwe kiko kwa nani. Kampuni saba zikajitokeza kuuza mifumo yao. Kamati ikaundwa ya kuchagua, na ndani yake wakawekwa watunza ghala wanne, mmoja kwa kila binti, kwa sababu mkurugenzi alisema amechoka kununuliwa viatu na watu wasioujua mguu wake.

Kutoka kiwanda cha sabuni aliteuliwa mama mmoja wa miaka hamsini na mitatu, ambaye hata sokoni waliomjua walimwita Mama Sabuni.

*

Nyumba ya Mama Sabuni ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza. Kibarazani mumewe alinyoa watu. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na maneno yasiyo na idadi. Chumba cha nyuma alikaa binti yao, fundi wa kushona sare za shule, mwenye ujauzito wa miezi saba, pamoja na mumewe. Walikuwa wamekuja kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwezi wa tano.

Mkwe huyo alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye adabu hadi kuudhi. Alijua watu wanavyomsema mwanaume anayelala kwa wakwe zake, kwa hiyo alitoka asubuhi kabla kiti cha kunyolea hakijapata mteja, na jioni alipita mlango wa nyuma, karibu na ndoo za kufulia. Haikusaidia. Wateja walikuwa na macho.

"Mzee, naona umepata mtoto wa kiume ukubwani," walimtania kinyozi.

"Nimempata tayari kanyolewa," alijibu. "Nyinyi ndio mnaonipa kazi. Inamisha kichwa."

Kazi ya mkwe ilikuwa kuuza mifumo ya kompyuta kwa makampuni. Kampuni yake ilikuwa na watu tisa na choo kimoja, naye alikuwa wa majaribio: miezi sita ya kulipwa nauli tu. Akiuza mfumo mmoja kwa kampuni yenye matawi, ataajiriwa. Asipouza, asante na kwaheri. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Mtaa wa pili palikuwa na vyumba viwili, dirisha moja likitazama bomba, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele. Alikubali kuvishikilia hadi mwisho wa mwezi kwa sababu binti alimshonea mkewe gauni na hakutaja ujira.

Mezani, mama mkwe na mkwe hawakuzungumza ana kwa ana. Waliheshimiana kupita kiasi.

"Mwambie mwenzio chumvi iko karibu na mkono wake," Mama Sabuni alizoea kusema.

"Mwambie mama ahsante," mkwe alijibu.

"Jamani, mimi si posta," binti alilalamika. "Mnasikilizana!"

Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri, mpaka siku Mama Sabuni alipopewa karatasi kwenye kamati na kuona kwamba kati ya kampuni saba zimebaki mbili. Moja ilikuwa kubwa, yenye ofisi ya vioo. Ya pili ilikuwa ya watu tisa na choo kimoja.

Alisimama kabla hajaulizwa.

"Huyu atakayekuja kwa ajili ya kampuni ya pili ni mkwe wangu," alisema. "Amemwoa mwanangu. Anakula kwangu. Mimi ndiye ninayejua anapenda mboga gani."

Mkurugenzi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alimgeukia. "Kwa hiyo unataka kutoka kwenye kamati?"

"Kura yangu iondoeni, mkurugenzi. Swali langu liacheni. Sabuni ikisimama tena, hakuna atakayeniuliza nani alimwoa nani."

Mhasibu mkuu, aliyekuwa akichonga penseli, aliinua uso. "Hilo liandikwe," alisema. Likaandikwa.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Mama Sabuni alimwambia mkwe wake neno bila kupitia posta.

"Nimewaambia kazini wewe ni nani wangu. Kuanzia leo kazi inaishia pale mlangoni, panapoishia viatu. Usiniulize, sikuulizi. Ukipita, upite kwa miguu yako."

"Sawa, mama."

"Na akianguka?" kinyozi aliuliza kutoka kibarazani.

"Aanguke kwa miguu yake pia. Wewe nyoa."

Kamati ilizipa kampuni zote mbili flashi yenye orodha za maghala manne, orodha halisi za mwezi ule ambao sabuni ilisimama. Wiki mbili mkwe alikaa kwenye meza ya sebuleni akizipanga. Mama Sabuni akipita na kikombe chake, aliona kwa pembe ya jicho maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe, "mkanda wa kati, vipande 3," yakiwaka kwenye kioo cha kompyuta. Akageuza uso kama aliyemkuta mtu anaoga, akaenda kunywa chai yake nje.

*

Siku ya maonyesho, kampuni ya ofisi ya vioo ilileta watu watatu wenye suti zilizofanana. Walionyesha ukutani kampuni ya mfano iliyouza baiskeli. Ilipendeza. Kila baiskeli ilikuwa mahali pake, kila tarakimu ilikuwa na rangi yake, na ukibonyeza binti mmoja, mama yake anatokea juu kama mwezi.

"Baiskeli nzuri," mtunza ghala wa unga alimnong'oneza Mama Sabuni. Mtu huyu walimwita Pumba, jina alilopewa kwa vumbi la unga lililokaa kwenye nyusi zake. "Lakini sioni panya. Ghala gani halina panya?"

Mkurugenzi aliuliza kwa nini hawakutumia orodha walizopewa.

"Zinahitaji kusafishwa kwanza," alijibu mwenye suti wa katikati. "Ni kazi ya miezi minne. Ina malipo yake pembeni."

Kisha akaingia mkwe, peke yake, na laptopu iliyopungukiwa kitufe kimoja na tai ya kinyozi iliyofungwa fupi kidogo. Alitazama chumba chote isipokuwa kiti cha mama mkwe wake.

"Mimi sina baiskeli," alisema. "Nimewaletea maghala yenu."

Akayafungua. Yalikuwa yao kweli, na mavumbi yao. Alionyesha kwamba kile unga wanachokiita "beliti" na sabuni wanachokiita "mkanda wa kati" ni kitu kimoja, na kwamba vitu kama hivyo amevikuta mia nne na kumi na mbili na kuvifunga pamoja, ili ukitafuta kimoja upate vyote. Pumba alisogeza kiti mbele. Hata mhasibu mkuu aliacha penseli.

"Nina swali," alisema Mama Sabuni.

"Karibu, mheshimiwa mjumbe," alisema mkwe, na masikio yakamwiva.

"Dada yangu wa unga akija kuazima beringi saa kumi na moja alfajiri, na mkubwa wangu wa kuidhinisha bado amelala, mfumo wako utaniruhusu kumpa, au lori lisubiri jua?"

"Utakuruhusu kumwazimisha kwa saa ishirini na nne, na jina lake litabaki. Saa hizo zikiisha, unamwamsha mkubwa."

Watu walicheka, na kilikuwa kicheko kizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ndipo mhasibu mkuu aliposema, kwa upole, "Tafuta sili ya pampu kubwa. Hizi ni orodha za mwezi ule ule. Tuone kama mfumo wako ungetuokoa."

Mkwe aliandika. Ukutani yakatokea majibu, kwa herufi nyekundu. Unga: hakuna. Mafuta: hakuna. Sabuni: hakuna. Malori: hakuna.

Alijaribu kwa namba ya kiwandani. Hakuna, mara nne. Alijaribu "pete ya mpira". Zikaja pete za ndoo. Mtu alicheka pale nyuma, safari hii si vizuri, na mmoja wa wenye suti akaangalia viatu vyake kwa furaha.

"Na sote tunajua zilikuwepo," alisema mhasibu mkuu, akiandika. "Nne. Kwa dada Mafuta. Mfumo haukuziona."

Tai ya kinyozi ilikuwa imeloa shingoni. Mkwe alimgeukia mtunza ghala wa mafuta. Huyu alikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa, mwenye shada la funguo kiunoni lililolia kila alipopumua. Kila mtu alimwita Babu Funguo.

"Samahani, mzee wangu. Hizo sili nne, zilikuwa zimeandikwa wapi?"

Funguo zililia kidogo.

"Ghala langu liko sawa," alisema Babu Funguo.

"Sikuuliza hivyo, babu."

"Nami nimejibu hivyo."

Mkurugenzi aliangalia saa. Uamuzi, alisema, utatolewa Ijumaa, na kampuni zote mbili zije kujibu lililobaki. Watu wakaenda kunywa chai. Mama Sabuni alibaki kwenye kiti chake akikunjua na kukunja karatasi, kwa sababu yeye alijua jibu la swali lile kama anavyojua sauti ya mlango wake.

*

Jioni chakula kilipakuliwa. Binti aliwatazama wawili hao, mama kisha mume, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni.

"Imekuwaje leo?"

Mkwe aliangalia mlango, panapoishia viatu.

"Kazi inaishia pale," alisema kwa sauti ndogo.

"Nakuuliza imekuwaje!"

"Mfumo umeshindwa kuona kitu kilichokuwepo. Wamecheka. Basi." Akasukuma sahani taratibu, akashukuru kwa chakula, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kujaza ndoo zilizokuwa zimejaa tayari.

Binti alimgeukia mama yake. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza?"

"Niliuliza swali langu."

"Mama. Nakujua. Unapokunja leso namna hiyo kuna jambo umelikalia. Kitu hicho kingeonekana vipi kama hakikuandikwa? Hata mimi mshona sare najua, kitambaa ambacho sikukiweka kwenye daftari siwezi kukidai."

"Hujui mambo ya ghala wewe."

"Sijui. Najua ya mume wangu tu. Anaamka gizani ili watu wasimwone akitoka kwenu. Wiki mbili kakaa pale mezani na majina yenu ya ajabu. Bosi wake alimwambia apeleke mfano kama wengine. Akasema hapana, nitawadanganyaje hawa watu, na mama yumo."

Kinyozi, aliyekuwa mlangoni akipangusa mkasi, kwa mara ya kwanza mwaka huo alisema kwa ufupi.

"Mke wangu, ile kabati yako bado ina pazia?"

Mama Sabuni alikusanya sahani, na aliziosha mara mbili.

*

Kila mtunza ghala ana kabati ya pazia. Hilo hutaambiwa ofisini. Kabati ya Mama Sabuni ilikuwa chini ya kaunta, imefunikwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni. Ndani yake mlikuwa na beringi, vali, mikanda, nati za shaba zilizopakwa mafuta na kufungwa kwa gazeti, kila kimoja kizima, na hakuna hata kimoja kwenye leja. Alianza miaka kumi na minane nyuma, baada ya unga kuazima beringi mbili za mwisho na kuzirudisha kwa mdomo tu. Baadaye watu wa ghorofa ya tano walikuja na lori, wakachukua kila kilichoandikwa "hakijatumika mwaka mzima", wakauza kwa kilo. Mwezi uliofuata vali moja kati ya zile ilihitajika, na aliyefokewa ni yeye. Tangu hapo alijifunza: kinachoonekana kinachukuliwa. Vikiletwa vipande vitano, unaandika vinne.

Alhamisi asubuhi alipiga magoti, akainua pazia, akavitoa vyote sakafuni na kuvihesabu. Vilikuwa sitini na kimoja. Vingine alikuwa amevisahau yeye mwenyewe, na alipoviona alivifurahia kama wageni, kisha akaona aibu kwa furaha hiyo.

Kwenye ukuta uliotenganisha maghala mawili palikuwa na kidirisha cha waya. Funguo zililia upande wa pili.

"Unahamisha nyumba?" aliuliza Babu Funguo.

"Nahesabu."

Aliitazama sakafu ile kupitia waya. Hakushangaa hata kidogo.

"Una vali za robo tatu!" alisema hatimaye. "Mwaka juzi nilikuomba, ukaniapia!"

"Nilikuapia daftari, babu. Na wewe sili?"

Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwenzangu, sikiliza. Nimebakiza miezi kumi na minne. Miaka ishirini na tisa sijapata barua hata moja ya onyo. Nina kiinua mgongo changu kinanisubiri. Zile siku sita mlizokaa chini, unadhani nililala? Nilijua zipo. Siku ya kwanza nilitaka kuja kugonga hapa. Nikajiwazia, nikizitoa wataniuliza zimetoka wapi. Siku ya pili ikawa vigumu zaidi. Siku ya tatu sili ilikuwa imeshaagizwa, nikasema basi." Alishika waya kwa vidole. "Usinivue nguo mbele ya watu wale kwa ajili ya mkweo."

Maneno ya mwisho yalimchoma, kwa sababu yalikuwa na kipande cha ukweli ndani.

"Sitakutaja," alisema. "Jina lako halitatoka kinywani mwangu. Ila langu nitalitaja."

"Watakuandikia barua."

"Nimeshaandikiwa moja, ya pongezi, wakakosea jina langu. Ngoja tuone kama ya onyo watapatia."

*

Ijumaa chumba kilijaa. Wenye suti watatu upande huu, mkwe upande ule, tai safari hii imefungwa na binti mwenyewe, urefu sawasawa. Mkurugenzi alifungua kwa kusoma muhtasari. Kwenye kampuni kubwa: onyesho zuri, gharama kubwa, orodha halisi hazikujaribiwa. Kwenye kampuni ndogo: bei nafuu, majina ya vitu yameunganishwa, watunza ghala wamependa; kasoro, mfumo umeshindwa kuona sili ya pampu kubwa.

"Na kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yote," alisema mhasibu mkuu. "Tulianza safari hii kwa sababu ya sili. Mfumo usioona sili ni miwani isiyo na kioo. Nikithibitishiwa kwamba haikuwemo kwenye orodha, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Lakini mwenye ghala anasema ghala lake liko sawa."

Macho yalikwenda kwa Babu Funguo. Babu Funguo alikuwa anatazama dirisha.

Mama Sabuni aliinuka. Akaegemea meza.

"Sina kura," alisema, "ila nina orodha." Akaweka mezani karatasi tatu, mwandiko wake wa kalamu ya bluu. "Hivi ni vitu sitini na kimoja. Vyote viko ghalani kwangu, vizima, na hakuna kimoja mlichokiona kwenye ile flashi. Niliwaletea orodha pungufu. Si mwezi ule tu, ni miaka kumi na minane. Mkileta mfumo wa dhahabu, ukiuliza vitu hivi utaambiwa hakuna. Mfumo utakuwa umesema kweli, na mwongo atakuwa mimi."

Mkwe alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Unaelewa unachokisema?" mkurugenzi aliuliza.

"Naelewa."

"Hii ni barua ya onyo, mama."

"Niandikieni. Lakini msiiweke kwenye faili la zamani, mtaipoteza."

Mtu alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mkurugenzi mwenyewe alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa nini ulificha?"

"Kwa sababu mlikuwa mnachukua. Dada akiazima harudishi, mama akija anauza kwa kilo. Mtu akinyang'anywa kila anachokiweka mezani, anajifunza kula jikoni. Mimi simtetei mkwe wangu. Yeye kaleta tulichompa. Nataka tu mjue mnanunua mfumo wa kuwahesabia watu wanaoogopa kuhesabiwa. Kwanza ondoeni woga. Halafu nunueni wowote mnaoutaka, hata ule wa baiskeli."

Pumba alikohoa, na vumbi kidogo likamtoka. "Mimi... navyo vipo. Kama ishirini. Ishirini na tano. Na zile beringi zako mbili, dada, zipo. Nilikuwa naona aibu kuzirudisha baada ya miaka yote hiyo."

"Miaka kumi na minane, Pumba!"

"Nimezitunza lakini. Nazipaka mafuta kila Krismasi na kila Idi."

Mtunza ghala wa malori, ambaye hakuwa amesema neno tangu kamati ianze, aliinua mkono na kusema kwa ufupi, "Injini moja."

"Injini?" aliuliza mhasibu mkuu, na penseli yake ikavunjika ncha. "Injini nzima?"

"Na gia yake."

Hapo chumba kilicheka chote, hata wenye suti, na mkurugenzi akawaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa na uchovu na nafuu pamoja: "Siku kumi. Kila ghala lifunguliwe, kila kitu kiandikwe, na hakuna barua kwa mtu yeyote atakayejitokeza mwenyewe. Hakuna kitakachouzwa kwa kilo. Hilo nalitia sahihi leo."

"Sawa," alisema mhasibu mkuu, akichonga upya. "Lakini bado hamjanijibu. Sitini na kimoja si sili. Ishirini na tano si sili. Injini si sili. Siwezi kuchagua mfumo kwa huruma. Yule bwana aliuliza swali hapa Jumanne, nimeliandika, na mstari wa jibu uko wazi mpaka sasa." Akageuza karatasi ili wote waone ule mstari mweupe.

Mama Sabuni aliketi. Hakumtazama Babu Funguo. Alitazama mikono yake mwenyewe, kama alivyoahidi.

Mkwe alisogea hatua moja. Hakuwa na hasira usoni, wala haraka. Aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayempisha mzee mlangoni:

"Babu, zilikuwa zimeandikwa wapi?"

Babu Funguo alifungua mkanda, akalivua lile shada kiunoni na kuliweka mezani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na tisa alipumua bila funguo kulia.

"Hazikuandikwa, mwanangu," alisema. "Rafu ya chini, nyuma ya makopo ya grisi. Zilikuwa nne, zikabaki tatu. Mfumo wako ulisema kweli."